Muscat hadi Sur kwa siku moja: anzieni Sur, mrudi taratibu

#1. Mleta uzi (Muscat)

Salaam wakuu,

Uzi huu ni wa yeyote anayekuja Muscat kwa biashara, kumuuguza ndugu au kusalimia jamaa, akajikuta ana siku moja haina shughuli. Kwa wengi siku hiyo huishia kwenye maduka makubwa yenye kiyoyozi. Mimi nasema hivi: kama wewe ni mtu wa pwani yetu, au umeisoma historia yake ukaipenda, kodi gari uende Sur. Ni kilomita takriban 200 kusini-mashariki, lami safi mwanzo hadi mwisho, na baada ya Quriyat unakuwa na bahari kushoto na milima ya mawe matupu kulia. Ukitoka mapema ni saa mbili na ushei.

Majahazi ya Sur yalikuwa yakishuka na kaskazi kila mwaka, yakatia nanga Lamu, Mombasa, Zanzibar na delta ya Rufiji. Yalileta tende, chumvi na papa mkavu. Kusi ikianza kuvuma yalirudi na boriti za mikoko, karafuu na nazi. Arabuni hakuna miti ya kujengea nyumba ya maana, kwa hiyo dari nyingi za zamani za pwani ile zilishikiliwa na boriti zilizokatwa Rufiji na Lamu. Wazee wetu waliwajua hawa watu kwa jina, Wasuri, na waliwajua kwa wema na kwa ubaya.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Ratiba inayouzwa na madereva wa watalii imekaa vibaya. Wanakuchukua saa mbili asubuhi, wanakusimamisha kwenye shimo la Bimmah upige picha, wanakuacha Wadi Shab mpaka alasiri uogelee, halafu unafika Sur jua linazama, umechoka, mafundi wameshaondoka, unaonyeshwa jahazi moja gizani na safari ya kurudi inaanza. Yaani mji wenyewe mliokwenda kuuona unapewa nusu saa.

Geuzeni. Mkishasali alfajiri, tieni mafuta na chukueni chai njiani, msisimame popote mpaka Sur. Saa mbili asubuhi muwe mmefika. Mkishashiba Sur, ndipo mnaanza kurudi Muscat mkisimama Qalhat, Tiwi, Bimmah na Quriyat. Jioni inawakuta karibu na nyumbani.

Nianze na Sur yenyewe. Mji umekaa kwenye mdomo wa khor, mkono wa bahari unaoingia ndani, maji yakijaa na kupwa kama kwetu. Upande wa pili ni Ayjah, mtaa wa nyumba nyeupe, minara ya walinzi juu ya vilima na mnara wa taa kwenye ncha. Katikati pamepita daraja la kuning'inia la Khor al Batah, lililokamilika mwaka 2009. Nendeni Ayjah kwanza, asubuhi jua likiwa bado la upole. Tembeeni kwa miguu kwenye vichochoro mkatazame milango. Ile ya mbao ya zamani ina nakshi ambazo mtu wa Mji Mkongwe hatahitaji kuelezwa.

Kisha vukeni mrudi kwenye karakana ya majahazi, iko hapo hapo ufukweni mwa khor. Mafundi siku hizi wengi ni Wahindi, na kazi ni chache kuliko zamani, lakini ni kazi kweli, si maonyesho. Tafuta anayekalafati. Utamkuta amechuchumaa ubavuni mwa chombo, ana uzi mnene wa pamba uliolowekwa mafuta, anausokota kwa vidole, anaulaza kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, halafu anausindilia kwa chuma butu na nyundo ya mbao, mipigo mifupi mifupi, mpaka mwanya umeshiba. Akimaliza shibiri moja anapitisha kidole gumba kuhakiki, ndipo anasogea. Chombo kizima kinazibwa kwa mtindo huo. Kwa desturi ya zamani ya Sur, mbao za ubavuni hutangulia na mataruma, yaani mbavu za chombo, hufuata ndani, na umbo lote liko kichwani mwa fundi, hakuna mchoro wa karatasi.

Karibu na hapo kuna Fatah al-Khair, jahazi la aina ya ghanja lililojengwa Sur mwaka 1951. Liliuzwa likaishia Yemen, na mwaka 1993 watu wa Sur wakachangishana wakalinunua na kulirudisha. Sasa limepandishwa nchi kavu. Nenda nyuma yake, kwenye shetri, utazame nakshi. Ghanja ndiyo iliyokuwa fahari ya Sur, chombo cha masafa ya India na Afrika, na hili ndilo la kulitazama kwa utulivu kutoka omo mpaka tezi, mbele mpaka nyuma. Msiondoke Sur kabla ya saa tano.

Nitaendelea na Qalhat nikipata nafasi. Maswali yawekwe.

#2. Mchangiaji (Lamu)

Ahsante sana ndugu yangu. Umenigusa ulipotaja boriti, maana huku biashara hiyo ndiyo iliyosomesha watu. Swali langu ni kuhusu vyombo vya kushonwa. Huku tulikuwa na mtepe, chombo cha kamba tupu kisicho na msumari, na sasa umebaki wa kuigizia makumbusho. Je, huko Oman kuna aliyeuona ufundi huo ukifanywa?

#3. Mleta uzi

Ndugu wa Lamu, swali lako lina jibu zuri na linahusu Sur hiyo hiyo. Mwaka 1980 ilijengwa pale merikebu iitwayo Sohar, kwa gharama ya Sultan Qaboos, chini ya Tim Severin, msafiri wa Kiingereza aliyetaka kupita njia ya mabaharia wa Kiarabu wa kale mpaka China. Haikuwa na msumari hata mmoja kwenye ubao wake. Ilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na kamba iliyotumika ilikuwa ya mamia ya kilomita. Mbao zililetwa kutoka pwani ya Malabar, na washonaji walitoka Visiwa vya Lakshadweep, India, kwa sababu ndiko ujuzi ulikobaki. Ilitoka Muscat Novemba 1980 na ikafika Guangzhou Julai 1981.

Na kuiona ni rahisi: imewekwa katikati ya mzunguko wa barabara wa Al Bustan, Muscat. Watu hupita kasi wakidhani ni pambo. Mkiwa mnatoka Muttrah, mtaa wa bandari wa Muscat, simameni hapo, mtembee kuizunguka, mtazame mishono kwenye ubavu. Mtu wa Lamu akiitazama ile mishono ataona ndugu wa mtepe. Maumbo yao ni tofauti, tanga la mtepe lilikuwa la mkeka na la mraba, lakini fikra ya kushona ubao kwa kamba ya nazi ni moja, na ilitawala bahari hii yote kabla ya msumari wa chuma kuenea.

#4. Mchangiaji (Kilwa)

Mleta uzi, nimesoma kwa makini na sina ugomvi na wewe. Lakini hayo majahazi hayakubeba boriti na nazi tu. Sisi wa Kilwa Kivinje tunajua kilichokuwa kikipakiwa bandarini kwetu. Ukisema "kwa wema na kwa ubaya" ukapita, umepita haraka mno.

#5. Mleta uzi

Mkuu, umesema haki, na naomba nilijibu kwa urefu kwa sababu halifai kufunikwa.

Majahazi ya Sur yalibeba watumwa, na yaliendelea kuwabeba hata baada ya kupigwa marufuku. Mwaka 1873 Sultan Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar na kuzuia kuwasafirisha baharini. Manowari za Uingereza zikawa zinasimamisha majahazi na kuyapekua. Manahodha wa Sur wakapata njia ya kupenyea: walikata hati kwenye makoloni ya Ufaransa wakapandisha bendera ya Kifaransa, wakijua Ufaransa haikubali chombo chenye bendera yake kipekuliwe na Mwingereza. Wapo waliokuwa wafanyabiashara wa kawaida waliokimbia usumbufu, na wapo waliokuwa na watu wamefungwa chini. Ugomvi huo wa mataifa mawili ulifika Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi ya The Hague, na uamuzi ulitolewa tarehe 8 Agosti 1905, ukabana uwezo wa Ufaransa kugawa bendera yake kwa raia wa Sultani wa Muscat. Mji mdogo ule mnaouona ukiwa mweupe na kimya ulipelekesha nchi mbili kubwa mahakamani kwa sababu ya bendera za majahazi.

Waliofikishwa huku wakiwa hai wameacha uzao, na uzao huo ni sehemu ya watu wa pwani ya Oman mpaka leo. Iko ngoma inayoitwa lewa, inapigwa kwenye harusi na sherehe, na zumari yake na nyimbo zenye maneno ya Kiswahili ndani yake zinaeleza zilikotoka. Kwa hiyo mnaposimama ukingoni mwa khor mkatazama maji yanavyoingia, kumbukeni na wao walipita hapo, na wasomeeni dua. Mimi siwezi kumpeleka mgeni Sur nikamwonyesha nakshi za shetri nikanyamazia hili.

#6. Mchangiaji (Kilwa)

Hapo nimekuelewa vizuri. Endelea na Qalhat.

#7. Mleta uzi

Qalhat, basi. Na jamaa wa Kilwa, hii sehemu ni yako pia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1330 Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, aliteremka pwani yetu: Mogadishu, Mombasa, kisha Kilwa, akausifu mji na ukarimu wa sultani wake. Kutoka Kilwa akapanda chombo mpaka Dhofar, kusini mwa Oman, akafuata pwani kuja kaskazini. Chombo kilipotia nanga Sur, akaiona Qalhat kwa mbali ikionekana kama iko karibu. Akachoka na chombo, akaamua atembee. Akachukua mwenzake mmoja Mhindi na baharia wa kuwaonyesha njia. Huyo kiongozi akawa na nia ya kuwaibia nguo. Ibn Battuta alikuwa na mkuki, akawa anautikisa ili mtu yule akae mbali. Maji yakawaishia, giza likawaingilia, wakalala nje, na asubuhi alipofika lango la mji miguu ilikuwa imevimba kiasi kwamba damu ilikaribia kutoka chini ya kucha. Amiri wa mji akamkalisha kwake siku sita mpaka miguu ikapona.

Njia hiyo hiyo, Sur kwenda Qalhat, ndiyo mtakayopita mkianza kurudi kama nilivyoeleza. Ni kilomita kama 20. Ndani ya gari mnaipita hata kikombe cha kahawa hakijapoa, lakini tazameni ardhi: mawe, makorongo makavu yanayoshuka kutoka mlimani, hakuna kivuli. Hapo utajua kwa nini miguu ilimvimba.

Mji aliouona ulikuwa mkubwa. Ulistawi kati ya karne ya 11 na ya 15, ukawa mji wa pili wa ufalme wa Hormuz, ukiuza farasi India kwa wingi, jambo ambalo hata Marco Polo alilitaja. Ibn Battuta anaeleza msikiti wenye kuta za vigae vya rangi, uliojengwa na mwanamke mcha Mungu aitwaye Bibi Maryam. Anaeleza pia samaki ambaye anasema hakula mfano wake popote: walimchoma juu ya majani ya mti, wakamla na wali, na mchele ulitoka India. Mtu aliyekuwa ametoka kula Mombasa na Kilwa!

Kilichobaki leo ni jengo moja lililosimama, kaburi linaloitwa la Bibi Maryam, kuba lake limebomoka juu, na magofu ya kuta mbili za mji yaliyotapakaa kwenye mteremko kuelekea baharini. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Waliobomoa wanajulikana kwetu. Mwaka 1507 Wareno walishambulia Barawa, na Afonso de Albuquerque aliyekuwemo kwenye msafara ule akaendelea mpaka pwani hii. Akaichoma Quriyat, akaichoma Muscat, na Qalhat akairudia mwaka 1508 akaiteketeza. Miaka mitatu nyuma yake, 1505, wenzake walikuwa wamezipora Kilwa na Mombasa. Ukiwa umewahi kusimama Husuni Kubwa, magofu ya kasri la Kilwa, ukatazama bahari, Qalhat itakuuma namna ile ile.

Eneo lina uzio. Msiruke uzio kutafuta picha. Kaburi linaonekana vizuri kutoka upande wa barabara, na mchana wa saa sita rangi ya mawe yake haitofautiani na ya mlima, kwa hiyo punguzeni mwendo la sivyo mtalipita. Kati ya Qalhat na Sur mtaona pia kiwanda kikubwa cha gesi kimiminika, mameli yake yanatia nanga pale pale ilipokuwa njia ya majahazi.

Baada ya hapo ni Tiwi, kijiji kati ya mabonde mawili yenye maji na mitende, Wadi Shab na Wadi Tiwi. Wadi Shab ndiyo maarufu: mnavushwa kwa boti kwa rial 1, kisha ni mwendo wa miguu kama dakika 40 juu ya mawe mpaka kwenye vidimbwi vya kijani. Ni pazuri, sikatai, lakini panakula nusu siku na pana watu wengi. Katika safari hii mimi naishia Tiwi yenyewe, chakula cha mchana na sala, tunaondoka.

Bimmah ni shimo la chokaa lililobomoka likajaa maji ya rangi ya feruzi, ngazi zinashuka mpaka chini. Wenyeji wanasimulia kuwa nyota ilianguka pale. Robo saa inatosha, watoto watataka zaidi.

Quriyat mfike alasiri. Ngome iko mjini, na bandarini kuna mnara mdogo wa ulinzi umekaa peke yake juu ya jiwe. Wavuvi wanashusha jodari na nguru kutoka kwenye mashua za faiba, kelele za mnada, paka kila mahali. Pwani hii yote ilipigwa na kimbunga Gonu Juni 2007, barabara na nyumba zikasombwa, na wavuvi wenye umri watakuonyesha maji yalipofika. Kaeni ukutani mpaka karibu na magharibi. Muscat ni saa moja kutoka hapo.

#8. Mchangiaji (Mombasa)

Mashallah, uzi umenoga. Nakuja Disemba na mamangu, ana miaka sabini na kitu na magoti yanamsumbua. Nilitaka kujua: ataiweza? Na tusipotaka kuendesha, kuna basi?

#9. Mleta uzi

Dada, shikamoo yangu imfikie mama. Ataiweza, na ratiba hii inamfaa kuliko ile ya madereva, kwa sababu Wadi Shab haimo. Sur karakana ni tambarare, Fatah al-Khair analitazama akiwa ameketi, Qalhat haina haja ya kushuka garini. Bimmah akae juu kwenye bustani kivulini, asishuke ngazi. Kitakachomfurahisha zaidi ni Ayjah na watu wa Sur wenyewe, kwa sababu wapo wazee pale wanaoongea Kiswahili, waliozaliwa au kulelewa Zanzibar na pwani ya Kenya. Mama akitoa salamu kwa sauti kidogo mahali penye wazee, usishangae mkikaribishwa kahawa ya iliki na halua na mazungumzo yakala saa nzima. Hapo vunjeni ratiba yangu.

Basi la Mwasalat linakwenda Sur, lakini halitakusimamisheni Qalhat wala Bimmah. Kwa mtu mzima kodini gari na dereva. Mkiendesha wenyewe, huku tunapita mkono wa kulia, kinyume na Kenya na Tanzania, kwa hiyo anayeshika usukani afanye mazoezi kwanza mitaa ya kimya. Kamera za mwendo ni nyingi.

Disemba ni wakati mzuri, joto limepoa. Kati ya Mei na Septemba simshauri mtu mwenye umri safari hii. Epukeni Ijumaa: karakana inakuwa kimya na maduka yanafunga mpaka baada ya sala.

#10. Mchangiaji (Pemba, sasa Muscat)

Nakuunga mkono kwa yote, shehe, ila naongeza moja. Mwenye nafasi ya kulala asirudi Muscat siku hiyo. Kutoka Sur aende mbele kidogo mpaka Ras al Jinz, hifadhi ya kasa, ambako kasa wa kijani hupanda ufukweni usiku kutaga. Kuingia ni kwa kundi linaloongozwa, taa na simu marufuku, na nafasi inawekwa mapema. Sisi wa Misali, kisiwa cha kwetu Pemba, tunawajua kasa, lakini kule wanapanda wengi zaidi.

#11. Mleta uzi

Kweli kabisa, na mwenye kulala ageuze tena: siku ya kwanza Quriyat, Bimmah na Tiwi taratibu, usiku kasa Ras al Jinz, halafu kesho yake asubuhi Sur na Qalhat. Karakana ibaki ya asubuhi, hiyo tu msinibadilishie.

Dada wa Mombasa, ukishajua tarehe niandikie faragha, nina namba ya dereva mmoja mwenye asili ya Unguja, anaijua barabara na atazungumza na mama njia nzima.